Gari Lako Linaliaje?

Kwa zaidi ya miaka ishirini mwanamke mmoja amekuwa akisema na watu wa mtaa wa Buyenzi na hakuna aliyemwelewa. Anakaa ndani ya magari. Gari la Kijapani likifika kutoka bandari ya Dar es Salaam, vumbi la safari lingali kwenye vioo, fundi anaingiza ufunguo, anauzungusha, na kabla injini haijakohoa mwanamke anatoa sauti yake laini pale mbele: "I-tii-shii kaado ga sonyuu sarete imasen." Mara moja tu, halafu kimya. Kila mtu ana tafsiri yake. Twahiru wa duka la spea ameapa kwamba anasema funga mkanda. Wengine wanasema ni dua ya safari ya Wajapani. Fundi Massoudi hakuwahi kujisumbua na tafsiri. Alikuwa akisema bismillahi, mwanamke naye anasema lake, na Massoudi anamjibu, "Na we vilevile, mama." Hukai garini na mwanamke, akaongea, ukamnyamazia.

Mwaka huu alikuwa na muda mwingi wa kumjibu, maana kazi ilikuwa haba. Esansi ilipotea mjini. Magari yalilala kwenye foleni za vituo vya mafuta siku mbili, siku tatu, na gari lililolala haliharibiki, na lisiloharibika halimlishi fundi. Avenyu ya kumi na mbili, ambako zamani mtu alikuwa hasikii hata kikohozi chake kwa nyundo na mashine za kuchomea vyuma, sasa ukiangusha nati wanageuka watu watano.

Katika kimya hicho ndipo mkewe Fadhila alipomjia gereji, cherehani kaiacha wazi nyumbani, uso umemkunjamana.

"Baba Raihana, mutoto wako anasema peke yake. Iko nyuma ya tangi la maji, amejitia nyaya masikioni, anasema hai, hai, hai. Nani anamuuliza kama iko hai?"

Raihana alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alimaliza shule ya ufundi, na kwa kuwa hakuna aliyemwita kazini, akavaa ovaroli, akajifunga mtandio vizuri, akaingia chini ya magari pamoja na baba yake. Watu walisema wee, wakachoka. Massoudi alimkuta kweli nyuma ya tangi, amefumba macho, midomo inacheza.

"Unasikiliza nini?"

"Kijapani, Baba."

"Redio ya Japani inafika Buyenzi?"

"Si redio. Ni podikasti. Mutu anaongea mambo yake, anarekodi, we unachukua kwenye simu, unasikiliza saa unayotaka."

Ndipo akamweleza lile alilokuwa amelificha kwa miezi. Kulikuwa na gereji moja kaskazini ya Japani iliyotafuta vijana wawili wa kujifunza na kufanya kazi miaka mitatu. Yeye alijisomea herufi zao usiku na mchana, akafanya mtihani wa kuandika, akapita. Kilichobaki ni kimoja: kuongea na mwenye gereji kwa simu, robo saa, Kijapani kitupu. Ikiwa atamwelewa, anakwenda. Ikiwa hatamwelewa, nafasi inapewa mwingine, na hakuna mara ya pili.

"Sasa kinachokusumbua nini? Umesema umepita."

"Kusoma naweza, Baba. Kusikia siwezi. Kwenye karatasi maneno yamekaa mbalimbali, kila moja na nafasi yake. Wakianza kuongea yote yanashikana, inakuwa kamba moja ndefu. Na zimebaki wiki tano."

Massoudi akakaa juu ya tairi. Tangu ujana wake alikuwa na sifa moja tu iliyomtoa Buyenzi na kumpeleka midomoni mwa watu hadi Uvira: sikio. Alikuwa akiegemeza bisibisi ndefu kwenye injini, mpini kwenye sikio, na kukwambia ugonjwa kabla hujamaliza kueleza. Mtu kama huyo ukimwambia kuna kitu hakisikiki, hawezi kulala. Sikio halilali njaa, na la fundi ndiyo kabisa.

"Nipe waya moja," alisema.

⁂

Kupata hizo podikasti ilikuwa kazi. Intaneti ya nguvu ilikuwa kwa Twahiru, na Twahiru hatoi kitu cha bure hata kwa mtoto wa jirani. Raihana alikuwa akifagia mbele ya duka lake kila asubuhi, mhitimu mzima wa shule ya ufundi, wateja wakimruka na viatu vyao, huku simu yake ikivuta vipindi vya siku. Alifagia polepole. Siku intaneti ilipokuwa nzito alifagia mara mbili.

Kulikuwa na dada mmoja aliyeongea taratibu kwa ajili ya wageni, habari za mvua, za soko, za paka wake. Na kulikuwa na mzee mmoja fundi, ambaye kila wiki alielezea sauti za magari. Huyo hakuwahurumia wageni. Aliongea kama anakimbizwa. Baba na binti walikaa kwenye kiti cha nyuma kilichong'olewa garini, waya moja sikio la huyu, ya pili la yule, na dakika tatu za kwanza Massoudi hakuambulia kitu. Halafu yule mzee akasema, "Gatagata, gatagata."

"Injini imelegea pale inapokalia," alisema Massoudi.

Raihana akasimamisha simu. "Umejuaje?"

"Si amesema. Gatagata. Ungetaka aseme nini zaidi?"

Akarudisha nyuma, akasikiliza, akatazama kamusi. Ni kweli. Wakaendelea. Mzee akasema karakara, Massoudi akasema kuna kitu kikavu kinagongana, angalia mafuta. Ikawa hivyo. Massoudi alicheka mpaka akafuta macho. Miaka yote hiyo alidhani Wajapani ni watu wa kompyuta, kumbe huko nako kuna mzee amekaa mbele ya gari analiiga kwa mdomo.

Kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wa lugha asiyoijua. "We una haraka," alimwambia. "Unataka kushika kila neno. Ukisikiliza moteri yote kwa mara moja husikii kitu. Mi nasikiliza kitu kimoja. Leo nasikiliza mikanda tu, vingine vyote navipa mgongo. Na we leo sikiliza mwisho tu. Kila akimaliza, anamalizaje? Anashuka ao anapanda?"

Raihana akasikiliza miisho siku nzima. Jioni akaja mbio uani, mikono ina unga. "Baba, mambo yote wanaweka mwisho. Kama amefanya ao hajafanya, kama anauliza, yote iko nyuma. Mi nilikuwa nachoka njiani."

"Njo vile. Kesho sikiliza mwanzo."

Hivyo walienda, kipindi kilekile mara kumi, mara ishirini, kila mara kwa jambo moja. Fadhila alisema nyumba imeingiwa na wazimu wa watu wawili, lakini na yeye siku moja alipopiga cherehani ikakwama aliita, "Baba Raihana, njoo, inafanya gatagata." Na wiki ya tatu Raihana aliwasha gari la mteja, mwanamke akasema maneno yake, na binti akabaki na ufunguo mkononi.

"Nimemsikia."

"Nani?"

"Huyu mama. Anasema kadi haijaingizwa. Kadi ya kulipia barabara, huko kwao."

Massoudi akachungulia dirishani. "Kadi? Miaka yote anadai kadi? Na mi namuambia na we vilevile?" Alicheka, lakini tuseme kweli, kidogo iliuma. Ni kama kugundua kwamba jirani anayekuamkia kila siku anakudhania mtu mwingine.

⁂

Wiki ya tano akaja mwalimu Népomuscène wa Kamenge na gari lake dogo jeupe, ambalo alilinunua baada ya miaka kumi na moja ya kwenda kazini kwa miguu. Alikuwa mpole, mwenye maneno machache.

"Fundi, linalia. Nikiwasha tu, linalia."

Massoudi aliwasha. Akaegemeza bisibisi hapa, akaihamisha pale, akafumba macho. Mafundi wawili wa jirani walisogea kumtazama, kama walivyozoea. Akafumbua macho. "Mwalimu, gari yako haina kitu."

"Hausikii?"

"Ningesikia ningekwambia."

"Lakini inalia hata sasa." Mwalimu aliwatazama wale mafundi wawili. Mmoja akatazama chini. Wa pili akasema ana kitu anakifuata dukani. Raihana alikuwa amesimama na kitambaa cha mafuta mkononi, na kilio kilikuwa wazi, chembamba, kinakata kama mtoto aliyekataliwa ziwa. Alimtazama baba yake usoni, akaendelea kufuta mikono.

"Iache," alisema Massoudi. "Nitaitazama vizuri."

Aliitazama siku tatu. Alifungua magurudumu, akapaka grisi pasipohitaji grisi. Kila jioni mwalimu alikuja kwa miguu, akawasha, akasikiliza, akazima, akasema, "Basi kesho, fundi," kwa heshima inayochoma kuliko matusi.

Jioni ya siku ya tatu walikaa na podikasti kama kawaida. Mzee wa Kijapani alitangaza sauti mpya, akaiita kyurukyuru. Halafu, kama afanyavyo, akaweka ile sauti yenyewe, iliyorekodiwa kwenye gari. Raihana akaisikia, na ilikuwa ndiyo hiyo, kilio cha gari la mwalimu.

"Mbona amenyamaza?" aliuliza Massoudi.

Sauti ilikuwa inaendelea. Raihana alingoja mpaka ikaisha.

"Hajanyamaza, Baba."

Massoudi akatoa waya sikioni, akaishika kiganjani, akaitazama. Fadhila alikuwa ndani, cherehani inakwenda. Hiyo aliisikia. Sauti nene zote alizisikia.

"Tangu lini?" aliuliza Raihana.

"Huu mwaka wa pili. Kwanza ilienda ile king'ora ya simu. Halafu ndege wa asubuhi. Nilifikiri ndege wamehama." Alijaribu kucheka. "Usimuambie mutu. Fundi asiyesikia ni nani? Ni muzee tu mwenye bisibisi."

Raihana hakumwambia kwamba watu wameshajua. Akamwambia jambo jingine. Wiki iliyopita ofisi inayowaunganisha vijana na gereji za Japani ilimpigia simu ya majaribio. Msichana wa huko alimuuliza swali, hakulielewa, akajibu hai, yaani ndiyo. Akaulizwa tena, akajibu hai. Msichana akacheka, si kwa ubaya, akamwambia nimekuuliza una ndugu wangapi.

"Niliona haya kusema sijasikia, Baba. Nikaona nikisema hai itapita."

"Na mi nilimuambia mwalimu gari yake haina kitu."

"Ee."

Adhana ya magharibi ikaanza, nene na nzuri, na Massoudi akaisikia yote. Alipoinuka kwenda kutawadha alimshika binti bega. "Kesho Alhamisi, kwenye simu ya Japani, usiposikia, sema. Mi nitakuwa karibu. Nitafanya hivi." Akazungusha kidole hewani, ile ishara mafundi wanayopeana kelele ikizidi: washa tena.

⁂

Alhamisi saa tatu asubuhi umeme ulikuwa umekatika, simu ya Raihana ina chaji ya kufa na kupona, na uani watoto wa jirani wanapigana. Kimya kilikuwa mahali pamoja tu, ndani ya gari la mwalimu, vioo vimefungwa. Walichomeka waya wa chaji. Simu ikaita. Raihana akaiweka kwenye spika, akasalimia vizuri kama alivyofanya mazoezi mara mia, na sauti ya mtu mzima ikamjibu kutoka Japani. Wakati huohuo Massoudi, ili chaji iingie, akazungusha ufunguo nusu.

"I-tii-shii kaado ga sonyuu sarete imasen," alisema mwanamke wa garini.

Upande wa pili yule mtu akacheka, akasema maneno marefu, ya haraka, yameshikana kamba moja. Raihana akatafuta mwisho. Uliinuka. Lilikuwa swali, basi. Zaidi ya hapo hakushika kitu. Mdomo wake ukaanza kufanya ile hai, na Massoudi akaiona inakuja, akazungusha kidole mbele ya uso wake.

"Sumimasen," alisema Raihana, jasho linamtiririka chini ya mtandio. "Mo ichido onegai shimasu." Samahani, sikusikia; tena, tafadhali.

Mtu akarudia. Raihana akaomba tena, mara ya pili, mara ya tatu, na aliona haya hadi masikio yakawaka, lakini safari hii mtu akapunguza mwendo, na kamba ikakatika vipande: uko ndani ya gari la kwetu?

Akaeleza. Kwamba ni gereji ya baba yake, kwamba umeme hakuna, kwamba gari ni la mwalimu na ni gonjwa. Mtu akauliza linaumwa nini. Akasema kyurukyuru. Yule mtu akasema liwashe, nisikie.

Esansi iliyokuwemo ilikuwa ya kumfikisha mwalimu Kamenge, na mwalimu mwenyewe alikuwa ndiyo anaingia getini, na Twahiru nyuma yake, maana habari ya simu ya Japani ilishaenea mtaa mzima. Massoudi aliwasha. Raihana akashuka, simu mkono mmoja, bisibisi mkono wa pili, akaegemeza ncha mahali baba yake alipomwonyesha, akasikiliza, akasogeza, akasikiliza. Aliona kidole cha baba kinasema nenda pole, kitu kimoja. Pale kwenye alterneta kilio kikamwingia hadi kwenye meno. Akasema kwa Kijapani kibovu, lakini cha wazi, kwamba beringi ya alterneta imekwisha.

"Hai," alijibu yule mtu, na ilikuwa hai ya mtu aliyemwelewa kweli. Kisha akauliza jambo moja la mwisho. Raihana akalielewa mara moja, na hakutaka kulitafsiri.

"Anasemaje?" aliuliza Massoudi.

"Anauliza… fundi mukubwa anasikia nini?"

Mwalimu alikuwa pale. Twahiru alikuwa pale, na wale mafundi wawili, na Fadhila mlangoni. Massoudi angeweza kusema vilevile anavyosikia mtoto, na nani angebisha? Akazima gari. Akafuta mikono, kidole baada ya kidole.

"Muambie sisikii. Sauti nyembamba zimenitoka. Nasikia nzito tu. Na muambie nimemudanganya mwalimu siku tatu."

Raihana akatafuta maneno. Alikosea mawili, akayarekebisha, akasema yote. Pale gereji hakuna aliyeelewa Kijapani, lakini walishasikia Kiswahili, na Twahiru akatazama viatu vyake. Upande wa pili mtu akaongea, taratibu, na Raihana akaanza kulia na kucheka pamoja.

"Anasema na yeye iko vilevile, Baba. Ana miaka sabini. Anasema hata sasa hakusikia kile kilio, kijana wake ndiyo alimuambia iko. Anasema siku hizi mutu akileta gari, yeye anamuambia, niigie linavyolia."

Massoudi akasogea karibu na simu. "Na watu wanakubali?"

Raihana akauliza. Akasikiliza jibu lote, hadi mwisho. "Anasema wanaona haya kidogo, halafu wanakubali."

⁂

Raihana alikwenda. Barua ilikuja baada ya wiki mbili, Fadhila akalia siku tatu huku akishona, na siku ya safari Massoudi alimpa ile bisibisi ndefu. Kwenye uwanja wa ndege ilibidi iingie kwenye sanduku kubwa, na askari akauliza ni ya nini, na Raihana akasema ya kusikilizia. Gari la mwalimu halilii tena. Jumapili jioni inakuja podikasti ambayo haiko popote ila kwenye simu ya Massoudi: dakika kumi za binti yake akieleza theluji, chakula, na mzee wa gereji anavyomgombeza. Fadhila anachukua waya moja, Massoudi ya pili, na pale sauti ya mtoto inapopanda juu sana ikampotea, anazungusha kidole, na mkewe anamrudishia.

Juzi aliingia haji mmoja wa Avenyu ya tano, kanzu imepigwa pasi, gari kubwa, mtu ambaye hata salamu anaipima. Massoudi alikaa kwenye usukani, akasema bismillahi, akazungusha ufunguo. Mwanamke akadai kadi yake. "Hatuna, mama," alimjibu Massoudi. "Twende hivyohivyo." Akasikiliza, halafu akashuka.

"Haji, mi sauti nyembamba sisikii. Gari yako inaliaje? Niigie."

Haji akatazama kulia. Akatazama kushoto. Twahiru alikuwa mlangoni pa duka lake, wale mafundi wawili wameacha kazi. Akajisafisha koo, akashika tasbihi yake vizuri, akafumba macho, na katikati ya Buyenzi, mchana kweupe, akaanza kulia kama gari lake.

Massoudi aliinama karibu na mdomo wake, akasikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia arudie, pole kidogo, na akaenda kutafuta spana ya kumi na mbili.